Biriani Iliiva, Kura Zikapungua

Queensbury,
London.
Jumanne, 24 Septemba 2024.

Mpendwa mpwa wangu Siham,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima, nimekaa mezani pangu karibu na dirisha, kikombe cha chai ya tangawizi mbele yangu na miwani puani. Sina ninachokilalamikia ila mgongo, na mgongo wenyewe tumeshazoeana. Hujambo wewe? Kazi haijambo? Hao wazee unaowatunza wanakusikiliza, au bado yuko yule bibi anayeficha viatu vyake kila asubuhi akakushitaki kuwa umemwibia?

Na dada yangu Mardhiya, mama yako, goti lake linaendeleaje? Nimesikia daktari amemwambia atembee kila siku, na yeye kila siku anapata sababu mpya ya kukaa. Mwambie kaka yake anasema kwamba huko Erie, Marekani, si mbali kiasi hicho, akizidi kudeka nitapanda ndege nije kumtoa nje mwenyewe.

Mkaza mjomba wako Ghalia hajambo, anakusalimu. Hivi sasa hayupo, amekwenda Harrow kununua vitunguu na viungo, na akifika huko hukutana na watu wote anaowajua na asiowajua, kwa hivyo nina kama saa mbili za kuandika kwa utulivu. Kwetu hapa hakuna jipya kubwa. Kura zetu tulishazipiga mwezi wa saba, serikali ikabadilika, mvua haikubadilika.

Najua utashangaa kupata karatasi. Mjomba ana simu, sauti yake unaisikia kila Ijumaa, barua ya nini tena? Sababu ziko mbili. Ya kwanza, maneno ya simu unayasikiliza huku unakaanga samaki, lakini barua mtu hukaa kitako akaisoma. Ya pili nitakwambia huko chini, maana ina aibu ndani yake, nami nataka nikuzoeshe kwanza.

Siham, nimekuja na jambo moja tu. Ijumaa iliyopita nilikuuliza kwa bashasha zote kama umeshajiandikisha kupiga kura. Kiapo cha uraia ulikula mwezi wa tano, na ile picha yako na kibendera tumeibandika kwenye mlango wa friji, kila mgeni anaonyeshwa, anayetaka na asiyetaka. Ukanijibu kwa ujumbe wa sauti, na maneno yako nimeyaandika pembeni nisije nikakusingizia. Ulisema: "Mjomba, ahadi zao nimezisikia, moyo haukunisukuma. Halafu mimi mgeni. Nchi ina wenyewe. Mgeni kwenda kuwachagulia watu rais wao, hata si adabu. Wacha wachague wao, mimi n'takula kitakachopakuliwa."

Ujumbe huo nimeusikiliza mara tatu. Mwisho wa kujiandikisha jimboni kwenu ni tarehe 21 Oktoba, na wewe unaniambia habari ya kupakuliwa! Nilitaka kukupigia simu nikukemee palepale. Ghalia akanizuia, akasema mtu mzima hakemewi kwa simu, na alisema kweli.

Basi nianze na hilo la moyo, maana hilo ni la elimu na elimu hiyo ninayo. Unamjua Gurdial, sahibu yangu tuliyefanya naye kazi miaka ishirini na sita katika maghala ya mizigo pale Hayes, yule Singasinga aliyezaliwa Kisumu ambaye Kiswahili chake cha Kenya hakijahama mpaka leo. Sote wawili tumestaafu. Kila Jumatano anakuja kwangu, tunatandika mezani ramani ya majimbo yenu hamsini, tunazozana utadhani tumo sisi wenyewe katika orodha ya wagombea. Ghalia anasema nyumba hii tungeishughulikia nusu tu ya tunavyoishughulikia Pennsylvania, bomba la jikoni lisingekuwa linavuja.

Ubishi wetu wa mwaka huu ulikuwa ni huu: anayeingia Ikulu ya Marekani anaingizwa na ilani ya chama chake, au anaingizwa na hamasa ya wapiga kura? Gurdial ni mtu wa ilani. Yeye alikuwa mkuu wa zamu, hakubali kitu kisichoandikwa. Mimi nikasema hamasa, na nikasema kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu.

Tukaenda maktaba tukazichapisha ilani zote mbili. Ya chama kimoja ina kurasa kumi na sita, ya chama cha pili ina zaidi ya tisini. Nimezisoma zote kwa kalamu nyekundu, na sidhani kama wako watu wengi huko kwenu wanaoweza kusema hivyo. Ile fupi imejaa herufi kubwa mpaka macho yanauma, kila mstari unakupigia kelele. Ile ndefu iliandikwa mgombea akiwa mmoja, ikaja kupitishwa mgombea keshakuwa mwengine, na jina la yule wa kwanza limebaki mle ndani hakuna aliyelifuta. Na miaka minne nyuma kile chama cha ilani fupi hakikuandika mpya kabisa, walisema ile ya zamani inatosha. Hawakushinda, lakini kura zao ziliongezeka kwa mamilioni kuliko walipokuwa nayo mpya. Hapo Gurdial alivua miwani akaifuta.

Lakini usije ukaniambia basi ilani ni karatasi za kufungia karanga. Hapo ndipo mimi na yeye tulipokuja kusikilizana. Ilani inamwambia mtu chama kimemsogelea nani na kimempa nani mgongo. Raia wa kawaida haisomi. Anaisoma kiongozi wa wafanyakazi, anaisoma mchungaji, mkulima mkubwa, mwenye kiwanda, mwanamke aliyehangaika miaka kumi na jambo moja tu. Hao wakiona wametajwa, ndio wanaokwenda kugonga milango ya wenzao na kuwaambia, safari hii tumo. Ilani inawaamsha wachache, na wachache wanawaamsha wengi. Chama kikiandika maneno ambayo hayamwamshi mtu, kinakwenda uchaguzini na watu wake wamelala.

Mwaka huu mmeona wenyewe. Upande mmoja ulikuwa umepooza kabisa, mwezi wa saba mgombea akabadilishwa, na ndani ya wiki moja watu wa kujitolea wakawa wanapanga foleni. Sera zao zilikuwa zilezile. Upande wa pili nao hamasa yao haijapoa tangu miaka minane iliyopita, na nasikia wako wanaovaa zile kofia nyekundu za kampeni mpaka harusini. Ndiyo maana wapimaji wa maoni hawaulizi tu utampa nani. Huuliza pia una hamu kiasi gani ya kwenda, kwa kuwa wanajua wako watu wengi wanaopenda chama chao wakiwa wamekaa kwenye makochi.

Na sasa nikuonyeshe nyumbani kwako. Rais wenu hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima, anapatikana jimbo kwa jimbo, na mshindi wa Pennsylvania hubeba wajumbe kumi na tisa wa kumchagua rais kwa mkupuo. Mwaka 2016 majimbo matatu yaliamua kila kitu kwa kura ambazo zote pamoja hazikufika elfu themanini, na lenu lilikuwa mojawapo. Miaka minne baadaye likageukia upande wa pili, kwa elfu themanini na kidogo. Kaunti yenu ya Erie nimeitafuta peke yake. Mara ya kwanza upande mmoja uliichukua kwa kura elfu mbili kasoro, mara ya pili upande mwengine kwa elfu moja na mia nne hivi. Wallahi Siham, watu elfu moja na mia nne mimi nimewaona katika harusi moja pale kwetu Wete, Pemba, na mchele haukutosha.

Kwa hivyo hilo la moyo tumelimaliza. Hilo la adabu ndilo lililonikosesha raha. Na halikunikosesha raha kwa sababu umekosea. Ni kwamba maneno hayo nayajua, niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kimoyomoyo, mwezi wa pili mwaka huu.

Unakumbuka kwamba niligombea uenyekiti wa Jumuiya yetu ya Wapemba wa London Magharibi, nikashindwa kwa kura moja. Kisa ulikisikia kwa mama yako, na kisa cha mama yako kimetiwa nazi. Sikiliza cha mwenyewe.

Mpinzani wangu alikuwa Abdulwakil, mtu wa Wete vilevile, anafanya kazi ya ukarani pale Harrow na kila mwenye fomu ya serikali asiyoielewa humkimbilia yeye. Mtu mpole, hana hotuba. Mimi niliandika ilani ya kurasa kumi na nne. Ndani yake mlikuwa na darasa la Kiswahili kila Jumamosi kwa hawa watoto wetu wanaotujibu Kiingereza hata tukiwaita kula, mlikuwa na zamu za kuwatembelea wazee, mlikuwa na utaratibu mzima wa mazishi, kila jambo na kifungu chake. Niliifunga kwa uzi wa kijani. Abdulwakil aliandika mambo matatu katika nusu karatasi: gari la jeneza, ukumbi wa Idi, na "simu yangu iko wazi." Msikitini watu walinishika mkono wakanisifu kwa ilani yangu nzuri. Sikumpata hata mmoja aliyefika ukurasa wa tatu.

Hamasa nayo tulikuwa nayo, usidhani. Siku ya uchaguzi kina mama saba wa upande wetu, Ghalia akiwaongoza, waliamua kwamba ushindi wangu mimi Matar haupokelewi kwa sambusa. Tangu asubuhi masufuria mawili makubwa yalikuwa motoni, vitunguu vinakaangwa, zafarani inalowekwa, mpaka jirani yetu Mgujarati akagonga mlango kuuliza harusi ni ya nani. Nyumba nzima ilikuwa vigelegele. Mimi nilivaa kanzu mpya na nikaondoka kwenda Harrow nikiwa tayari mwenyekiti.

Kura ilikuwa ni kuanzia saa nane mpaka saa kumi, katika ukumbi wa shule tuliokodi. Msimamizi alikuwa Gurdial. Tulimwomba yeye kwa sababu si Mpemba, si Mwislamu, na hana binamu katika daftari, na kwa watu waliopitia chaguzi tulizopitia sisi, hiyo ndiyo tume huru pekee tunayoiamini. Kila mtu alipewa kikaratasi akaandika jina la anayemtaka, akakitumbukiza katika boksi la viatu lililofungwa kwa gundi.

Saa tisa nilimpigia simu Ghalia, nikamwambia waje. Akanijibu, "Tunakuja, masala bado hayajakauka. Kwani wewe una haja gani na sisi? Umeshashinda!" Nyuma yake wenzake wakapiga kigelegele kingine. Nami nikacheka, nikakata simu. Wakati huohuo Abdulwakil alikuwa anateremsha watu mlangoni. Alikodi basi dogo, akapita Hayes, akapita Harrow, mlango kwa mlango, akawachukua wazee wenye mikongojo ambao hawajatoka nje tangu Krismasi, na kila mmoja akamshika mkono mpaka kwenye kiti. Nilimtazama nikamwonea huruma, nikasema maskini, anahangaika bure.

Saa kumi kamili Gurdial alifunga boksi. Saa kumi na dakika kumi na mbili kina mama saba waliingia ukumbini wananukia zafarani. Gurdial akawaambia, kwa adabu zake zote, "Pole sana mama, saa imeisha. Sheria ni sheria." Akahesabu mara mbili mbele ya watu. Abdulwakil arubaini na moja. Matar arubaini.

Kura moja! Ukumbi mzima uligeuka ukamtazama Ghalia. Biriani tuliila, isingewezekana kuitupa, na washindi tukawakaribisha kama ilivyo desturi. Abdulwakil aliongeza mara mbili.

Tuliporudi, ndani ya gari, Ghalia alilia. Akaniambia, "Matar, nisamehe. Ni mimi na sufuria langu." Na mimi nikamjibu kwa sauti ya mtu mwenye moyo mkubwa, "Yameshapita, mama." Tangu siku hiyo, kila harusi na kila hitima hapakosekani mtu wa kumtania: Bi Ghalia, leo umepika kabla au baada? Yeye anacheka pamoja nao. Nyumbani hacheki. Na biriani hajaipika tena tangu mwezi wa pili, hata Idi zote mbili tumekula pilau, nami sikuthubutu kuuliza.

Sasa nakuja kwenye sababu ya pili ya karatasi hii. Ningelisema jambo hili kwa simu, Ghalia angelisikia kutoka jikoni. Katika kikaratasi changu, mimi Matar niliandika Abdulwakil.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Babu yako alitulea kwamba mwenyeji hajipakulii kabla ya mgeni, na mtu hajitaji mwenyewe kwa sifa. Niliposimama na ile kalamu niliona haya kuliandika jina langu. Nikajiambia kwamba kujichagua si adabu. Watu wamejaa, vigelegele vimejaa, nitashinda kwa kura ishirini, kwa nini nisimfanyie mwenzangu heshima kidogo asitoke hapa na fedheha? Abdulwakil, Mungu amuweke, alijiandikia jina lake bila ya kuona haya, na alikuwa na haki yake. Ningelijiandikia langu, yeye angelipata arubaini na mimi arubaini na moja, na wale kina mama wangeliweza kuja saa kumi na mbili wakitaka.

Anayejua ni mtu mmoja tu. Mwandiko wangu Gurdial aliuona katika karatasi za zamu miaka ishirini na sita. Alinivuta pembeni siku ileile akaniuliza, "Matar, hii mwandiko yako mimi najua kama jina yangu. Sasa wewe ulikuwa unamfanyia nani kampeni?" Akasema kura ni siri ya mtu na yeye hatasema, na kweli hajasema. Ila kila Jumatano nikianza kumhutubia juu ya wapiga kura wa Marekani, huinama akaitazama ramani, nami najua anachokinyamazia.

Ndiyo maana maneno yako yalinichoma, mwanangu. Nilimsikia Matar ndani yake. Adabu ni kitu kizuri na sitaki uipoteze huko ugenini. Mezani mpe mgeni kwanza, na mbele ya mkubwa teremsha sauti. Lakini kwenye kura hakuna mgeni wala mwenyeji, kuna aliye na haki na asiye nayo, na wewe unayo, uliiapia mkono juu. Ukikaa nyumbani, usidhani nchi umewaachia wenyewe. Umewaachia waliofika. Abdulwakil hakupendwa kuliko mimi, wala ilani yake haikuwa bora kuliko yangu, naapa. Watu wake walifika na mimi mwenyewe nikamwongezea mmoja.

Sikuambii umpe nani. Hata mimi na Gurdial kwa hilo hatukubaliani, na ubishi huo tutauendeleza sisi wenyewe na ramani yetu. Ninachokuomba ni uzisome zile ilani wewe mwenyewe. Usilitafute jina lako mle, hutalikuta. Tafuta palipoandikwa habari za dawa za mama yako na za kazi hii yako ya kutunza wazee, kisha utazame nani ameandika nini, na walipowahi kutawala walifanya nini. Na usingoje moyo ukusukume. Mimi nilikuwa na moyo wa kutosha mtaa mzima na haukunifaa kitu. Mara nyengine mtu huanza kutia mguu njiani, moyo ukamfuata.

Barua hii, posta ikinihurumia, itakufikia wiki ya kwanza ya Oktoba. Utakuwa na wiki mbili, na nasikia kujiandikisha kwenyewe ni shughuli ya dakika chache kwenye mtandao. Nina hakika utafanya. Nilipokuja likizo Wete ulikuwa na miaka saba, ukagoma kula mpaka uambiwe kwa nini binamu yako amepewa kipande kikubwa cha samaki. Bibi yako alikutisha, mama yako akakubembeleza, hukutikisika. Mtoto yule hakula kilichopakuliwa mpaka alipoulizia. Yuko wapi sasa?

Nami nina langu la kufanya. Siwezi kukwambia wewe uiweke haya pembeni na mimi ya kwangu nimeificha miezi saba nyuma ya sufuria la mke wangu. Ghalia akirudi nitamkalisha nimsomee barua hii yote, mwanzo hadi mwisho, kabla sijaitia gundi. Naogopa, Siham, nakwambia kweli. Kelele zake nimeshazizoea, ninachokiogopa ni akininyamazia. Lakini nitamsomea.

Nisalimie sana Mardhiya, na umwambie asikisimulie kisa hiki mpaka nimpe ruhusa, ingawa najua atakuwa ameshamaliza nusu ya Pennsylvania. Nisalimie kaka yako Muhsin na wanawe huko Ohio. Gurdial anakusalimu na anasema kura yako yeye ameshaiwekea alama kwenye ramani, kwa penseli, anangojea kuitia wino.

Mungu akupe afya na wepesi katika kazi yako, amnyooshee mama yako goti lake, na akujaalieni kheri katika nchi hiyo, ambayo sasa ni yenu pia. Amin.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukutegemea,

Matar

Nyongeza, alasiri hiyohiyo. Nimemsomea. Alisimama mlangoni na mfuko wa vitunguu mkononi, na hakuuweka chini mpaka nilipofika kwenye jina langu mwisho wa barua. Hakusema neno. Aliitazama ile picha yako kwenye friji, kisha akaniomba kalamu.

Siham mwanangu, ni mimi Ghalia, naandika kwa mkono wangu. Mjomba wako ameniacha miezi saba nikiomba radhi kwa kosa lake. Hilo tutamalizana mimi na yeye, wewe usilitie moyoni. Nenda kajiandikishe, na siku ikifika uende mapema. Mama yako mpe salamu zangu nyingi. Mwambie Jumuiya inachagua tena mwakani, na safari hii mgombea ni mimi. Jina langu nitaliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Biriani atapika Matar, akishapiga kura.